Nukta Isiyoonekana kwenye Genge la Pongwe

Mwanangu Hamza,

Salamu nilizokupa asubuhi zinatosha, sizirudii hapa. Wewe na baba yako mmekwenda Raskazone kumuaga shangazi yako, na namjua wifi yangu, hamwachi mgeni atoke bila kula, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika mpaka magharibi. Nimekaa uani upande wa kivuli. Begi lako la safari ya Lushoto nimeshalifunga. Habari za kufua, za kuswali, za kula kwa watu na kutuma salamu nyumbani siziandiki. Umelelewa, unayajua.

Naandika kwa sababu ya swali lako la juzi. Nilikuwa nachambua mchele ukaniuliza, "Mama, ile kalamu ya leza ninunue ya namna gani? Ami Salehe amesema kila mwangalizi wa mwamba aje na yake." Nikakujibu, "Waulize wenye maduka." Ukatoka. Niliona ulivyosononeka. Jibu ninalo, baba, tena ninalo kuliko mwenye duka yeyote wa Tanga hii. Ila ni refu, na baba yako hapendi litajwe mbele yake. Yaliyotufika unayajua, umekua nayo humu ndani. Namna yalivyotufika hujaelezwa na mtu aliyekuwapo. Mimi nilikuwapo.

Unajua kwamba nilianza machimboni kwa kuponda kokoto. Tulikuwa wanawake wengi, tumekaa chini ya vibanda vya makuti, kila mmoja na nyundo yake na lundo lake. Baba yako alikuwa mtu wa kamba. Baada ya baruti kupigwa, yeye na wenzake walishuka kutoka juu ya genge, ukuta ule wa mwamba, kamba ya katani kiunoni, mtaimbo mkononi, wakabandua mawe yaliyolegea ili walio chini wasije wakaangukiwa. Kazi ile huijui mpaka uione. Mtu wa kamba uso wake uko kwenye jiwe. Haoni lililo juu ya kichwa chake, haoni lililo ubavuni. Lazima awepo mtu chini, mbali kidogo, anayeliona genge lote, amwonyeshe: gonga hapo, ondoka hapo. Na kumwonyesha kwa sauti haiwezekani, maana kompresa, ile mashine ya upepo ya kutobolea mwamba, ikishawaka hata ukipiga mayowe sikioni mwa mtu haambulii kitu.

Miaka ile ilikuwa ya taabu. Sabuni foleni, mafuta ya taa foleni, nguo ya kuvaa ni ile iliyo mwilini. Hata kioo cha kujitazamia kilikuwa kitu cha mwenye bahati. Lakini pale machimboni palikuwa na lori limekufa kwa kukosa spea, na msimamizi wetu, Mzee Kombo, Mpemba mmoja mkali wa maneno, alikwenda akang'oa kioo chake cha ubavuni akaniletea mimi.

Akasimama mbele yangu. "Wewe Mwanaisha, lundo lako dogo kuliko ya wenzio wote. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Kwa sababu macho yako yako juu kwa mumeo tangu asubuhi. Basi weka nyundo chini. Kaa uangalie moja kwa moja, nikulipe kwa kuangalia."

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Niliona haya, lakini nilikichukua kile kioo.

Ukikishika vizuri kinalidaka jua na kulitupa juu ya genge, likatua kama doa jeupe. Nilijifunza kulipeleka doa pole pole hadi kwenye ufa, nikalitikisa. Mtu wa kamba akiliona anajua. Nikilizungusha, maana yake ondoka upesi. Tulifanya kazi hivyo miaka. Siku ya mawingu, Mzee Kombo alipiga filimbi, watu wakateremka, tukarudi majumbani. Masika yote tulikaa bila kazi. Tulikula mihogo na dagaa, siku nyingine mihogo bila dagaa, na nilimchukia Mzee Kombo kwa filimbi yake kama walivyomchukia wengine.

Kisha mambo yakafunguka. Maduka ya mjini yakajaa, redio, baiskeli, vitenge, vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Kila mtu akawa anajenga. Machimbo yakanunuliwa na mtu binafsi, Mzee Kombo akarudi kwao Pemba, ikaletwa kompresa mpya na msimamizi mpya, kijana mpole, mwenye adabu zake. Malipo yakawa kwa lori. Mkijaza malori mengi mnapata, msipojaza hampati. Na masika hapakuwa na kulala tena.

Msimamizi aliniita. "Mama, kioo chako kinataka jua, na mimi malori yangu yanasubiri hata mvua ikinyesha. Mjini zimekuja kalamu za leza. Nenda kachague moja inayokufaa, ofisi italipa."

Wewe wakati huo ulikuwa Mwera kwa bibi yako, unasoma darasa la nne. Nilikwenda mjini na baba yako, tumevaa vizuri kama waendao harusini. Mwenye duka alitandika mbele yetu namna mbili. Moja ilikuwa nene, nyeusi, imevishwa mpira, mbaya ya sura, inatumia betri ndogo za redio. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, inang'aa kama kijaluba cha wanja. Akazima taa ya duka akaiwasha ile ya dhahabu. Nukta nyekundu ikaruka hadi ukuta wa ng'ambo, ndani ya baraza la watu, ikakaa pale imekoza kama ushanga. Nilishtuka kwa furaha. Baba yako alicheka.

"Hii," alisema. "Hii itapendeza mkononi mwako."

Nikauliza, "Na kwenye jua?"

Mwenye duka akasema, "Mama, hii nguvu yake inafika kisiwani Toten."

Baba yako akasema tena, "Chukua hii, Mwanaisha." Katika miaka yetu yote ya ndoa alikuwa hajapata nafasi ya kunichagulia kitu kizuri dukani. Niliichukua, nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Hamza, hapo ndipo pa kusoma taratibu. Tulichagua kivulini kitu cha kutumiwa nje. Tulichagua kwenye ukuta mweupe mkavu kitu cha kutumiwa kwenye jiwe. Hatukuuliza betri zake zinapatikana wapi, na zilikuwa zile betri za mviringo, mfano wa za saa, ambazo hudumu kidogo na Pongwe nzima huzipati. Mwili wake ulikuwa wa chuma mtupu, ukiuacha juani unakuunguza vidole. Kitufe chake kilijitokeza nje, kikibanwa na pindo la khanga kinawaka chenyewe na kumaliza betri nami sina habari. Kioo chake cha mbele kilikuwa wazi, vumbi la chokaa likakaa juu yake kama unga.

Siku za kwanza ilifaa. Jioni genge likiingia kivuli, nukta ilionekana, wanaume wakaifurahia. Jua likiwaka nilirudi kwenye kioo changu. Nikaona nimejikamilisha, nina cha jua na nina cha kivuli.

Siku yenyewe mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, mawingu yakabaki. Jiwe la chokaa likiwa kavu ni jeupe, macho yanauma kulitazama. Likilowa linakuwa la kijivu, linameza mwanga. Sikulijua hilo, kwa kuwa siku kama hizo zamani tulikuwa nyumbani. Msimamizi alisema tupande, malori mawili yamekwisha fika. Juu walikuwa baba yako na huyu Ami yako Salehe, kila mmoja na kamba yake, Salehe upande wa kushoto. Chini tuliweka mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na watu wakiwa juu, mtu haruhusiwi kuuvuka. Nilisimama nyuma ya mstari.

Nikaona maji. Juu ya Salehe palikuwa na ufa ambao siku zote ulikuwa mkavu, sasa maji yanachuruzika ndani yake. Halafu vijiwe vidogo vikaanza kudondoka, kimoja, kimya, kingine. Salehe hakuviona, vilipita nyuma ya mgongo wake.

Nikaielekeza kalamu kwenye ufa, nikabonyeza. Sikuona kitu. Nikadhani sijabonyeza sawasawa. Nikabonyeza tena mpaka kucha ikauma. Nilikuwa naiona taa yake mdomoni mwa kalamu, iko hai, lakini kule juu jiwe lilikuwa tupu. Nikatoa kioo, nikakigeuza angani, mawingu matupu. Nikapiga kelele. Wallahi sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. Mwendesha kompresa alikuwa upande wa pili wa banda, amenipa mgongo. Ningemkimbilia yeye ningechelewa.

Nikauvuka mstari.

Nilikimbia kuelekea genge huku kidole kiko kwenye kitufe, natafuta nukta. Sikuiona kwenye jiwe. Niliiona kwenye fulana ya baba yako. Alikuwa amevaa fulana nyeupe, na nilipokuwa karibu kabisa ikatokea hapo, begani, ndogo, imefifia. Nikaishusha mpaka kwenye mkono wake ambapo angeweza kuiona. Usoni sikuipeleka, na wewe usimmulike mtu usoni hata iweje, mtu aliyening'inia ukimtia kiwi umemwangusha. Aliiona. Alitazama mkono, akatazama chini, akaniona nimesimama mahali ambapo mtu hasimami.

Nikatupa mikono yote kushoto. Kushoto, kushoto, juu!

Nilitaka amwashirie Salehe. Ndiyo tu niliyotaka. Yeye alisukuma genge kwa miguu, akabembea kwa kamba hadi kwa mwenzake, akamkumba kwa bega. Salehe akaenda zake upande wa pili kama mzigo. Jiwe likashuka pale pale alipotoka. Halikuwa kubwa sana, kiasi cha gunia la mchele. Lilimkuta baba yako mkono wa kulia umeshika mwamba ili asirudi nyuma.

Mengine yakaanguka karibu yangu. Kovu la goti langu ni la hapo. Sikusikia jiwe likinikata. Nilikuwa namtazama yeye tu, amening'inia, kichwa chini, na Salehe anamfuata kwa kamba, analia, anamshusha.

Mkono ulikatwa hospitalini. Alipozinduka vizuri hakuuliza habari za mkono. Aliuliza, "Ile kalamu iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Ungeniletea," akasema. "Niliichagua mimi."

Kalamu ile hakuitaja tena mpaka leo. Kwa hiyo usimuulize, na akikusindikiza kununua leza mjini, mwache asimame mlangoni, ukimaliza mwondoke.

Alipopona nilimwambia nataka kurudi kazini. Nilidhani atakataa. Akasema, "Nani mwingine atawatazama? Ila safari hii tuchague kama watu wazima." Nikatia kwenye kikapu jiwe la pale pale machimboni na chupa ya maji. Tukarudi kwenye lile duka saa sita mchana, jua la utosi.

Mwenye duka alipoona jiwe juu ya meza yake akasema, "Mama, hili la nini?"

"La kuchagulia."

Nilimwomba atoe kila namna aliyonayo. Baba yako akalichukua jiwe kwa mkono wake mmoja, akalikumbatia kifuani, akavuka barabara, akasimama ng'ambo. Nililimwagia maji kwanza. Kisha nikawa nawasha moja moja kutoka kizingitini, naye anaangalia chini kwenye jiwe. Asipoona, anatikisa kichwa. Nasogea hatua mbele, anatikisa kichwa. Watu wakaanza kusimama. Mwendesha baiskeli mmoja akauliza kama ni dawa ya kienyeji. Mwenye duka aliona aibu akasema, "Jamani mama, unanifukuzia wateja." Nikamwambia, "Mwenye mkono mmoja yule alikuwa mteja wako." Akaingia ndani, akatoka na kiti, akampelekea baba yako akae.

Tulijaribu juani, tukajaribu na kivulini. Kavukavu kivulini zote zilionekana. Kwenye jua hakuna iliyoonekana kwa mbali, hata moja, usidanganywe. Kwenye jiwe lililolowa kivulini, ile nene, mbaya ya sura, ilionekana kwa mbali kuliko nyingine, nayo hata nusu ya umbali wa kutoka kwenye mstari wangu hadi kwenye genge haikufika. Nikaiangusha sakafuni mara kadhaa, mwenye duka anafumba macho. Ikawaka. Kitufe chake kilikuwa kimezama ndani, hakibanwi na nguo. Kioo cha mbele kilikuwa shimoni, vumbi halikifikii upesi, na kilifutika kwa kitambaa laini. Ilikuwa na tundu la kupitishia kamba ya kuvaa mkononi. Betri zake ziko kwenye kila kibanda cha sigara. Tukainunua hiyo.

Siku hizi nasikia zipo za kijani, na nimeambiwa jicho linaiona rangi hiyo mchana kuliko nyekundu. Nimeiona moja, ni kweli. Ila iliachwa juani ikafifia mpaka ilipopoa, kwa hiyo ukinunua hiyo iweke mfukoni, usiilaze juu ya bati wala jiwe la moto. Na ukaijaribu kama nilivyojaribu, kwa jiwe la kule mlimani utakakokuwa. Jiwe la Lushoto silijui. Wewe pia hulijui.

Sasa nafika nilipokuwa naogopa kufika.

Nilirudi kazini na ile nene. Nikaweka sharti moja. Kabla mtu hajajifunga kamba, naielekeza kwenye genge, na watu wa kamba wenyewe wanaitafuta nukta. Wakiiona, wanapanda. Wasipoiona na jua halipo la kioo, hapandi mtu. Msimamizi alikubali upesi, maana aliona mkono wa baba yako ulivyokuwa. Shida haikutoka kwake.

Asubuhi moja genge limelowa, nikaelekeza, hakuna aliyeiona. Nikasogea karibu mpaka kwenye mstari, hakuna. Nikasema, leo hatupandi. Salehe alikuwa amekwisha funga kamba. Salehe yule yule.

"Shemeji, genge zima kabisa hili. Nimelikagua mwenyewe."

"Umelikagua kutoka chini."

"Tangu juzi hatujajaza lori."

"Najua."

Akanisogelea. Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Shemeji, watoto wangu hawali nukta."

Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, nilikuwa nimempelekea uji mwenyewe. Wengine wote walikuwa wananitazama, na nilijua nyumbani kwa kila mmoja kuna nini jikoni, maana kwangu pia hakukuwa na kitu. Nikasema, "Hapandi mtu," nikaenda nikakaa juu ya kamba zao.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Mawingu hayakufunguka. Nililitazama lile genge kwa macho yote, na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu, nilitamani lianguke. Hata jiwe moja, mahali pasipo na mtu, wajue. Halikuanguka. Siku ile halikuanguka jiwe hata moja, wala kesho yake, wala wiki ile. Watu walirudi makwao mikono mitupu kwa sababu ya mwanamke aliyeogopa. Ndivyo walivyosema, na sikuwa na cha kuwaonyesha.

Hamza, hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Nilidhani ukikataa kwa haki, haki yenyewe itajitokeza ikusemee. Haikujitokeza. Salehe hakunisalimu muda mrefu. Tulipishana njiani akageuza uso, yeye ambaye baba yako alimpa mkono wake. Nilikataa siku nyingine tena, na nyingine, na kila mara nilikuwa na hofu ile ile, haikupungua hata kidogo. Baadaye Salehe akahama kwenda kwenye kazi za barabara, akapanda cheo huko, tukawa tunasikia habari zake kwa watu tu.

Ndiyo maana alipokuja hapa mwezi uliopita nilistuka. Ulimwona alivyoingia, ukampa shikamoo, ukaenda kumnunulia soda. Ulipotoka ndipo alipotuambia. Kule Lushoto wanapasua mwamba kupanua barabara, yeye ndiye kiongozi wa watu wa kamba, anataka mwangalizi, anamtaka Hamza.

Nikamwambia, "Kwa nini mwanangu? Vijana wenye macho hawakuisha Tanga."

Akazungusha kofia yake mikononi. Baba yako alikuwa amekaa mkekani, anamtazama.

"Macho wanayo," Salehe akasema. "Nimebadilisha waangalizi watatu, shemeji. Wote mimi nikisema tupande, wanasema tupande. Naogopa. Nataka mtu wa kunikatalia."

Baba yako hakunitazama mimi. Alimwambia, "Mchukue."

Salehe atakuja kukubembeleza useme wapande, Hamza, au kukufokea, na atakuwa na sababu za kweli, na siku hiyo labda jiwe halitaanguka.

Nasikia baba yako anabisha hodi mlangoni. Naikunja hapa.

Mama yako,
Mwanaisha